Damu ya Shemeji

Siku meneja alipomsifu Makaa mbele ya wafanyakazi wote kwa kuwa na damu safi, Makaa alirudi nyumbani na uso wa mtu anayetoka kuzika. Aliketi kwenye kigoda na viatu vyake miguuni, akamkazia macho mkewe, aliyekuwa anashona kibarazani, kana kwamba yeye ndiye aliyemsifu.

"Nimepigiwa makofi," alisema.

"Ya mikono au ya mashavu?"

"Ya mikono. Meneja kanipandisha juu ya kreti. Kasema, mtazameni huyu, yuko mdomoni mwa tanuri kila siku iendayo kwa Mungu, moshi wote unaanzia kwake, lakini damu yake safi kama maji ya chupa. Kwa nini? Kwa sababu ananawa mikono. Kasema wale wengine wajiulize wanakula wapi na wanajikuna wapi."

Mama Kidoti aliacha kukanyaga cherehani. Kicheko kilimpanda hadi kooni, kikagoma kutoka. Wote wawili walijua damu ile ilikuwa ya nani.

Ilikuwa ya Kifua, mdogo wake Mama Kidoti, kijana aliyenyanyua vyuma asubuhi na jioni na ambaye mashati yake yote yalikuwa yamekimbiwa na vifungo. Kifua hakuwahi kufanya kazi pale kiwandani hata siku moja. Pale palichinjwa betri kuukuu za magari: uani wanaume walizipasua kwa shoka, ndani wengine waliyeyusha mabamba yake kwenye tanuri, na madini ya risasi yakamiminwa kwenye kalibu yakapoa kuwa matofali mazito yenye kung'aa. Idara ya afya ilipotangaza kwamba itapima damu za wafanyakazi kuona risasi imeingia mwilini kiasi gani, msimamizi aliwaita pembeni akawaambia kwa upole kabisa kwamba atakayekutwa na damu mbaya atapumzishwa nyumbani, bila mshahara, kwa faida yake mwenyewe.

Makaa alirudi akitetemeka. Aliyekuja na dawa ya tetemeko hilo ni mkewe. Alifumua ovaroli mabegani, akaongeza kitambaa, akampa mdogo wake kofia ngumu na barakoa, akamwambia apite getini bila kumsalimia mtu. Kifua alikwenda, akanyoosha mkono, nesi akausifu mshipa wake, akarudi na pamba kwenye mkono. Kisha akadai alishwe vizuri mpaka damu irudi, na kwa namna alivyokula, mtu angedhani imemtoka ndoo nzima.

"Na Sauti?" Mama Kidoti aliuliza. Sauti alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwa nayo. Akiongea ilibidi umwinamie.

"Karudishwa nyumbani, na wengine. Wachafu." Makaa alisugua magoti. "Alinitazama nikiwa juu ya kreti. Hakusema kitu. Angenitukana ningeshukuru."

"Yatapita, baba Kidoti. Kazi unayo."

"Ninayo," alikubali, kama mtu aliyeulizwa kama ana homa.

Chini ya cherehani alikaa Kidoti, binti yao wa pekee, ambaye alikuwa bado hajafika umri wa shule, mwenye doa jeusi shavuni lililompa jina. Miezi michache nyuma alikuwa kasuku. Mteja alikuwa hapimwi kiuno bila Kidoti kutoa maoni: "Mama, huyu hana kiuno, mshonee tu gunia." Watu walicheka, mama akaomba radhi. Siku hizi hakukuwa na cha kuombea radhi. Maneno yalikuwa yamemwishia mtoto moja baada ya jingine. Akitaka maji ananyoosha kidole, tumbo likimuuma analishika na kulia.

Makaa alitia mkono kwenye mfuko wa ovaroli akatoa pakiti ya maziwa. Kila mfanyakazi alipewa moja kwa siku, maana kiwandani waliamini maziwa huosha moshi tumboni. Wenzake waliyanywa pale pale. Yeye hakuwahi. Mkewe alikuwa amemwambia tangu mwanzo: wewe mtu mzima, mtoto ndiye anayekua. Aling'ata kona ya pakiti, akampa. Kidoti aliinyonya hadi ikanywea, kisha akailamba nje.

"Angalau hayo yanaingia," mama yake alisema, akarudi kukanyaga cherehani.

*

Mke wa Sauti alikuja kesho yake, na hakukaa.

"Nipe kitambaa changu."

"Bado sijakikata, jirani. Nilisema Ijumaa."

"Nipe hivyo hivyo. Pesa ya kushonea sina. Mume wangu mchafu, si ulisikia?"

Mama Kidoti alikitafuta kitambaa kwenye rundo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana kilikuwa juu.

"Nilikuwa nataka nikuulize," mke wa Sauti aliendelea kwa sauti ya kusikika hadi bombani, kana kwamba alizaliwa na sauti ya watu wawili ili kufidia ya mumewe. "Mumeo anaogea sabuni gani? Tuambie na sisi. Maana wangu anaoga mpaka ngozi inalalamika."

"Jirani, jamani."

"Jamani nini? Manesi wamekuja kwangu. Wamewatoboa wanangu vidole mmoja mmoja, wameniambia damu yao nayo ina risasi. Wametufundisha kudeki, tusifagie vumbi likaruka. Nguo za baba zisifuliwe na za watoto. Wamepiga kambi pale shuleni, wanapita nyumba za wachafu wote." Alikikunja kitambaa kwapani. "Kwenu hawatakuja. Kwenu wasafi."

Akaondoka. Mama Kidoti aligeuka kulitazama beseni lake uani. Ovaroli ya Makaa ilikuwa imelowekwa humo, na juu yake lilielea gauni la Kidoti. Alilitoa gauni, akalikamua, akalisuuza kwa maji mengine, kisha kwa mengine tena. Halafu akajiambia kwamba mwanamke yule ana hasira tu.

*

Usiku ule Kidoti alitapika. Asubuhi alikuwa akitembea anaegemea ukuta kama mlevi, na mama yake akambeba mpaka zahanati, akakaa kwenye benchi, akalipa karatasi, akalipa kuonwa, akaambiwa asogee mwenye haraka apite, akasogea.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi. Alilibonyeza tumbo la mtoto, akafunua kope, akaona weupe.

"Anapata choo?"

"Kwa shida sana."

"Baba anafanya kazi wapi?"

"Kiwanda cha betri."

Daktari akainua kichwa. "Alipimwa juzi, walipopimwa wenzake?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi. Mama Kidoti aliuona kabisa. Lakini akamwona pia msimamizi, akaiona kodi ya nyumba, akamwona mdogo wake akishikwa mkono na askari kwa kosa la kuwa na afya.

"Alipimwa," alisema. "Safi."

"Safi kabisa?"

"Walimpigia makofi."

Daktari alitabasamu. "Basi hatuna haja ya kutafuta huko. Watoto wengi wana minyoo wakati huu." Akamwandikia dawa ya minyoo na ya kuongeza damu.

Njiani alijituliza kwamba daktari ni msomi, anajua anachofanya. Hakutulia sana. Daktari alikuwa amesoma kile tu alichosomewa na yeye.

*

Ilitokea mchana, siku ya pili ya dawa ya minyoo. Mama Kidoti alikuwa anashona kola, na kutoka chini ya cherehani akasikia visigino vikigonga ubao, tap, tap, tap, sawasawa na mwendo wa mguu wake. Akafurahi. Alidhani mtoto amepata nguvu ya kucheza. Aliendelea kukanyaga mpaka mwisho wa mshono, akasimamisha gurudumu, na visigino havikusimama.

Hakujua alivyopiga kelele. Alijua tu kwamba aliyefika wa kwanza alikuwa mke wa Sauti, ambaye alipiga magoti, akamlaza mtoto ubavu, akamsukuma jirani mmoja aliyekuja na kijiko. "Usimtie kitu mdomoni! Mwacheni apumue!" Degedege lilimtikisa Kidoti, likamwachia, akabaki amelegea kama nguo iliyokamuliwa.

"Mpeleke kwa manesi shuleni. Sasa hivi."

"Watauliza. Baba yake... wana habari kwamba baba yake..."

"Baba yake nini?"

Mama Kidoti alimtazama yule mwanamke ambaye mumewe alirudishwa nyumbani kwa uchafu. "Damu ile si yake," alisema. "Ni ya Kifua. Nilipanga mimi."

Mke wa Sauti alinyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu wahamie mtaa ule, mtu aliyesimama karibu naye aliweza kuwasikia kuku.

"Tutagombana baadaye," alisema hatimaye. "Mbebe."

*

Nesi mkuu alikuwa mama wa makamo, ameketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakimfika kidevuni. Alitoboa kidole cha Kidoti, akaweka tone kwenye kimashine, akasubiri. Kimashine kilipotoa jibu alilitazama, akakipangusa kioo kwa kidole gumba, akalitazama tena. Hakusema ni kiasi gani. Alimwambia dereva wa gari la wagonjwa aache chai yake.

"Sasa niambie kila kitu, mama. Haraka, lakini kila kitu."

Mama Kidoti alisema. Ovaroli, kofia, barakoa, mdogo wake. Nesi hakupandisha sauti, jambo lililomuumiza zaidi kuliko kufokewa.

"Anakula nini huyu mtoto?"

"Siku hizi hali. Anakunywa tu maziwa ya baba yake ya kiwandani."

"Yanafikaje nyumbani?"

"Mfukoni. Mfuko wa ovaroli."

"Na pakiti anaifungua kwa kitu gani?"

"Kwa meno. Halafu anampa anyonye."

Nesi aliweka kalamu chini. "Mama, maziwa hayaoshi risasi. Na pakiti hiyo imeshinda kutwa nzima ndani ya vumbi la risasi. Mtoto alikuwa akililamba lile lile alilokuja nalo baba yake mwilini, kila jioni."

"Ni mimi niliyemkataza asiyanywe," Mama Kidoti alisema polepole. "Nilimwambia ni ya mtoto."

"Ulimpenda. Kuna watu wanaolipwa kujua, na hawakukuambia." Nesi akasimama, dawati likasimama naye, akalivua kama suruali. "Tunayo dawa ya kuitoa risasi mwilini. Lakini nikimtibu kisha nikamrudisha kwenye vumbi lile lile nitakuwa namwua kwa awamu. Tanuri lazima lizimwe, kiwanda kisafishwe, na nyumba zenu pia. Kesho asubuhi afisa afya anakaa na uongozi pale kiwandani, na meneja ana hoja moja tu ya kutuzuia. Unaijua?"

"Mume wangu."

"Damu ya mume wako."

*

Makaa alifika hospitali kubwa jioni, akitoka kazini moja kwa moja, na mlinzi wa wodi akamzuia. Hakuna nguo za kiwanda huku ndani, bwana. Kwa hiyo yeye alisimama mwisho wa korido na mkewe akasimama mlangoni mwa wodi, wakazungumza mambo yao ya siri kwa sauti ya watu wanaouza samaki, huku wagonjwa wa pande zote mbili wakigeuza shingo.

"Nikisema, tumekwisha!"

"Usiposema, amekwisha!"

"Wale wenzangu wataninyonga! Wamekaa nyumbani kwa ajili yangu!"

"Kwa ajili yangu! Wazo lilikuwa langu! Nitasema mimi!"

"Halafu watasema Makaa ana msemaji!"

"Basi kaka, sema mwenyewe!" alidakia mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa plasta. "Tulale!"

Makaa alifunika uso kwa mikono yake, akakumbuka mikono ile ilikuwa na nini, akaiondoa. Alisimama akiwa ameinyoosha mbele yake, hajui aiweke wapi. Mkono wa kulia uliinama kwenye kifundo na haukuinuka alipoujaribu. Mkewe aliuona kutoka mbali. Alikuwa hajawahi kuuona, maana nyumbani aliutia mfukoni.

"Tangu lini?" aliuliza, sasa kwa sauti ya chini, ambayo haikumfikia.

*

Asubuhi walikutana uani mwa kiwanda, kati ya mlima wa betri na ukuta. Wale waliopumzishwa waliruhusiwa kuingia, wakasimama upande wao kama timu ya wageni. Mama Kidoti alikuja na Kifua. Alikuwa amemwacha Kidoti na mke wa Sauti, ambaye alijitolea bila kuombwa na kukataa kushukuriwa.

Meneja hakuwa mtu mbaya wa kutazama. Alikuwa na tai, na tabia ya kusema "sisi familia."

"Afisa, sisi familia tunaheshimu afya. Lakini tuseme ukweli: tatizo si kiwanda. Tatizo ni tabia. Kama moshi ungekuwa sumu, wa kwanza kuanguka angekuwa huyu. Makaa, njoo, usione aibu."

Kreti ilikuwa pale pale. Makaa alipanda.

"Ndugu," afisa afya alisema kwa adabu, "tusaidie. Wewe unafanya nini ambacho wenzako hawafanyi?"

Makaa aliwatazama wenzake. Alimtafuta Sauti, akampata. Alimtafuta mkewe. Mama Kidoti alikuwa ameshafungua mdomo kumsaidia, na Kifua akambana mkono.

"Nina shemeji," Makaa alisema.

Kicheko kilipita uani, hata meneja alicheka kidogo.

"Yule pale, shati wazi. Damu mliyoisifu ni yake. Yangu hamjaiona."

"Huyu mtu anaumwa," meneja alimwambia afisa haraka.

"Ndiyo, bosi. Ndicho ninachosema." Makaa aliinua mkono wa kulia ili wote waone kiganja kilivyoning'inia. "Na mwanangu yuko wodini."

Nesi mkuu alimsogelea Kifua, akamtazama, akakunja mkono wa shati lake. "Huyu namkumbuka," alisema. "Uso hapana. Mshipa."

"Unajua kwamba unajifukuza kazi?" meneja alisema.

Aliyejibu, tena si kwa kujibu, alikuwa mpasua betri mmoja mwenye shoka begani. "Nesi," alisema akitazama chini, "na ile yangu ni ya kinyozi wangu."

"Yangu ya mpangaji mwenzangu," alisema mwingine.

"Yangu ya mdogo wangu. Lakini yeye ni mlokole, alikataa kusema uongo, ndiyo maana alinyamaza tu."

Watu walicheka sana kwa hilo. Kisha macho yakamgeukia msimamizi, ambaye alikuwa anachunguza kucha zake, na dereva wa meneja akakohoa na kuushusha mkono wa shati lake mpaka kwenye kiganja, kuficha alama ya sindano. Kicheko kikakatika kidogo kidogo, jinsi kila mmoja alivyokuwa anahesabu kimoyomoyo kilichobaki. Damu yote safi ya kiwanda kile ilikuwa imeingia getini asubuhi moja na kuondoka jioni ile ile, kwenda makwao.

Afisa afya alivua miwani. "Zimeni tanuri," alisema.

Hakuna aliyeshangilia. Waliposikia feni kubwa ikinyamaza, wanaume walitazamana kama watu walioteremshwa njiani. Sauti alimpita Makaa, akasimama, akasogea, akasema kitu ambacho ilibidi Makaa amwinamie kukisikia, na Mama Kidoti hakujua kamwe kilikuwa nini. Yeye alikuwa anatazamana na mwanamke asiyemjua aliyebeba mtoto mgongoni.

"Umefanya vizuri, dada," mwanamke yule alisema. "Sasa tutakula nini?"

Afisa alikuwa amesema kiwanda kitawalipa wakati kimefungwa. Meneja alikuwa amesema ataongea na mawakili. Mama Kidoti hakuwa na neno la katikati. Alisema, "Sijui, mama," na mwanamke akaitikia kwa kichwa, akamweka mtoto vizuri, akaenda kupanga foleni ya kutobolewa kidole.

*

Wodini dawa iliingia kwa sindano, na risasi ikatoka kwa mkojo, taratibu. Makaa naye alilazwa, jengo la wanaume, na vitanda vya pembeni yake vilijaa wenzake hata manesi wakapaita tawi la kiwanda. Mama Kidoti alilala chini ya kitanda cha mwanawe, juu ya khanga, akiamka kila visigino viliposogea.

"Inashuka," daktari wa hospitali kubwa alimwambia.

"Na maneno? Yatarudi?"

Daktari alikuwa mtu mzima na hakumkwepa macho. "Mengine pengine. Kilichoguswa kichwani siwezi kukuahidi, mama. Tutajua kadiri anavyokua. Akianza shule tutajua zaidi."

Alimshukuru. Alikwenda msalani, akafungua bomba ili yasikike maji tu. Aliporudi alisikia yowe kutoka wodini. Alikimbia akiwaparamia watu, kandambili moja ikabaki nyuma.

Aliyepiga yowe alikuwa nesi. Alikuwa ameshika kiganja chake, sindano imeanguka kitandani, na Kidoti amekaa wima, amekunja uso, nywele zimemsimama, akimtazama nesi kwa chuki iliyokomaa. Kwa siku zote zile alikuwa akichomwa kama mto wa pini, bila hata kuvuta mkono.

"Kafanya nini? Kasema kitu?" mama aliuliza, pumzi hana.

"Hajasema," nesi alijibu. "Kaning'ata!"

Mama Kidoti alitaka kuomba radhi. Aliufungua mdomo, radhi ikakataa, na badala yake akaanza kucheka na machozi yakimshuka, akiwa amesimama na kandambili moja katikati ya wodi. Nesi alimtazama, akautazama mkono wake, akaanza kucheka yeye pia.

"Samahani, nesi," alisema alipoweza. "Samahani sana. Kang'ata kwa nguvu?"

"Kwa nguvu, mama."

"Hebu nione."